Duka la mijusi Leicester: nyota 4, na kubwa zaidi ni kwamba wanakukataza kumshika

Wabongo na Wakenya wa Leicester na miji ya jirani mnaosumbuliwa na watoto wanataka mjusi wa kufuga, hii ni ripoti yangu ya duka tulikomnunua lepadi geko wetu, jina la duka anayetaka anifuate inbox.

Kwa asiyemjua, lepadi geko ni mjusi wa madoadoa, asili yake sehemu kavu za Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India, akikua anafika kama sentimita 20 hadi 25 pamoja na mkia na akitunzwa vizuri anaishi miaka 15, wengine 20 na kuendelea. Yaani binti yangu wa miaka 11 anaweza kumaliza chuo mjusi bado yupo sebuleni, kwa hiyo mimi niliingia dukani kama mtu anayefanya uamuzi mzito.

Sasa kilichonifurahisha. Nilitegemea wamtoe mjusi fasta wamuweke kwenye mkono wa mtoto ili moyo uyeyuke hela itoke, manake kuna maduka ndo biashara yao ilivyo. Huyu dada wa hapa akakataa kabisa, akasema huyu mnayemwangalia kaingia juzi tu na hajaanza kula vizuri, leo haguswi na mtu, rudini baadae. Tuliporudi akatuonyesha kadi yake imeandikwa kala lini, kala nini, uzito gramu ngapi, na hapo ndo akafungua kioo. Hakumnyakua kwa juu, aliweka kiganja chini kwa ubavuni akasubiri mjusi apande mwenyewe, akamweleza binti yangu kwamba porini kinachomshukia kutoka juu ni ndege anayetaka kumla, kwa hiyo mkono ukitokea juu yeye anaona kifo. Binti akaelewa palepale, mimi baba yake ningemwambia usimshike mara mia na asingesikia.

Ratiba aliyotupa naiandika maana hili ndo swali ninaloulizwa kila siku, umshike mara ngapi. Wiki mbili za kwanza usimshike kabisa, badilisha maji, weka chakula, toa uchafu, basi, mwache aijue nyumba na ale kwanza. Akishakula bila wasiwasi unaanza kuweka mkono tu ndani ya boksi umetulia, anakuja anakulamba, hivyo ndo anavyonusa. Akianza kupanda mwenyewe, dakika 5 zinatosha, ukiwa umekaa chini sakafuni ili akiruka asianguke mbali, na akizoea ndo unasogeza taratibu hadi 10 au 15. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha sana. Kila siku si lazima, na mdogo bado ni mwoga kuliko mkubwa kwa hiyo yeye muda wake unakuwa mfupi zaidi. Muda mzuri ni jioni kigiza kikiingia maana ndo anaamka, mchana amelala pangoni kwake kumchomoa humo ni kumtesa tu.

Na kuna siku haguswi hata kama mtoto analia. Ukiona rangi imefifia anakuwa kama amepakwa unga, anataka kujivua gamba, mwache na lile pango lake lenye unyevu. Akiwa ametoka kula muda si mrefu pia mwache, tumbo lake linahitaji joto ili lisage chakula na mkononi mwako joto hilo hamna, sakafu ya upande wake wa moto inatakiwa nyuzi 32 hadi 34 hivi.

Dada alikazania sana mkia. Ukimuona anaunyanyua na kuupunga pole pole kama nyoka anayejikunja, kachoka na wewe, mrudishe. Ule mtikisiko wa haraka haraka wa ncha ni kitu kingine, mara nyingi kaona nyenje, wale wadudu anaokula, anawinda. Usije hata siku moja ukamshika mkia, unakatika, na unaota tena kweli lakini unarudi mfupi mnene hauna umbo lake, na mafuta yote aliyokuwa ameyaweka akiba mle ndani yamekwenda. Akizomea, akijificha siku nzima, akisusa chakula baada ya kushikwashikwa, punguza au acha kabisa kwa muda.

Halafu alisema kitu ambacho wauza wengi hawakwambii, kwamba huyu hatafuti kubembelezwa kama paka, anazoea tu kuwa wewe si hatari. Mtu anayekuuzia kitu akakwambia ukweli kama huo mimi namheshimu.

Karatasi ya matunzo walitupa bila kuomba. Hapa England kanuni za 2018 zinamtaka muuza wanyama awe na leseni ya council, yaani halmashauri ya eneo, na akupe maelezo ya chakula, makazi na namna ya kumshika, na leseni inakuja na nyota 1 hadi 5, iangalieni ukutani mkiingia. Mtoto wa chini ya miaka 16 hauziwi mwenyewe, mzazi lazima.

Mabaya sasa. Ile seti ya kuanzia wanaiuza na mkeka wa joto bila thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, eti unanunua pembeni, hii haikubaliki kwa sababu mkeka usiodhibitiwa unaweza kumuunguza tumbo, iwekeni humo humo na bei ipande tuijue mapema. Kijana wa Jumamosi akatuambia eti mshikeni kila siku ndo azoee, kinyume kabisa na mwenzake, mteja mgeni amwamini nani? Na nyenje wao ni ghali na kwenye kopo nusu wamekufa, sa hizi nanunua pengine.

Kitu nilitamani waseme kwa sauti zaidi ni salmonela, bakteria wa kuharisha. Mijusi hawa wanaweza kuibeba bila kuonekana wagonjwa, ushauri wa afya Uingereza na Marekani ni kwamba watoto chini ya miaka 5 wasiwashike, na mikono unaosha kwa sabuni kila mara, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Mdogo wake binti yangu ana miaka 3, anaangalia kwa kioo tu. Na wageni vilevile, maana nyumba zetu mnazijua, wikiendi wanaingia watu kumi, shangazi mmoja kazoea mjusi kafiri ukutani anapiga kelele, mwingine anataka selfie, kila mmoja dakika mbili tu na mjusi keshazungushwa mikono kumi jioni moja. Kwetu mgeni hashikishwi, hata awe nani.

Nyota ya tano nimeizuia kwa thamostati na yule kijana. Nendeni siku za wiki mumkute dada, na kabla hamjatoa hela muombeni kadi ya kula ya huyo huyo mjusi mnayemtaka.