EPUB au PDF: ipi ya kusomea kwenye kishikwambi?

Kwa riwaya na kitabu chochote cha maandishi matupu, nachagua EPUB bila kusita; hii na PDF ni aina mbili za faili za vitabu vya kidijitali. Kwa ndani, faili la EPUB ni kurasa za aina ile ile inayotumika kwenye tovuti, zimefungwa pamoja kama faili la zip, yaani faili moja lililobeba mafaili mengi. Ndiyo maana maandishi hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Ukikuza herufi, mistari inakatika mahali pengine na kurasa zinaongezeka, lakini hakuna neno linalopotelea pembeni. Kwa mzee ambaye macho yamechoka, hilo ni jambo kubwa mno.

PDF, iliyoletwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, haibadiliki: ukurasa wa A4 unabaki A4. Kwenye kioo cha inchi 7 herufi zinakuwa ndogo sana, na ukikuza utaburuta ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Inachosha! Ila kitabu cha hisabati, ramani au noti zilizopigwa skani vinataka kila kitu kikae mahali pake. Hapo chukua PDF, na kioo cha inchi 10 ukiweza.

Programu za kusomea vitabu za Apple Books kwenye iPad na Google Play Books kwenye Android hufungua EPUB na PDF zote mbili.

Kugeuza PDF kuwa EPUB kwa programu kama Calibre kunawezekana, lakini kagua matokeo: mara nyingi namba ya ukurasa hujikuta katikati ya sentensi. Kama mchapishaji anatoa EPUB yenyewe, pakua hiyo.