Uzoefu wangu na Honda Africa Twin CRF1000L hapa Tanga: injini haisumbui, kinachosumbua ni chumvi

Kila anayeniuliza kama pikipiki hii inafaa Tanga namjibu kuwa inafaa sana, ila asiihudumie kwa kufuata kitabu peke yake. Kitabu kinahesabu kilomita. Huku kwetu kuna upepo wa bahari, vumbi la mashamba ya mkonge na matope ya Usambara, na hivyo havisubiri kilomita zifike. Ninayoizungumzia ni toleo la 2017, gia za kawaida, yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga ukipiga breki): cc 998, silinda mbili, uzito wa kilo 232 ikiwa imejaa mafuta, tanki la lita 18.8.

Kwa lami haina mpinzani. Ukitembea kistaarabu inakwenda kilomita 20 hadi 22 kwa lita, kwa hiyo Tanga hadi Dar kupitia Segera unaweza kufika kwa tanki moja, ingawa mimi ningeongeza mafuta Chalinze kuliko kuumiza kichwa. Raha yake hasa unaiona lami inapoisha. Rimu ya mbele ya inchi 21 inapita juu ya mawe ya njia ya Muheza kwenda Amani bila kukupokonya usukani, na shokapu za mbele zina mwendo wa milimita 230, hivyo mashimo yanamezwa. Ukiteremka kutoka Amani kuelekea Sigi mvua ikiwa imenyesha, simama kwanza uzime ABS ya nyuma kwa kitufe chake. Kwenye udongo mwekundu unaoteleza, ABS hiyo huachia breki wakati ambao wewe unataka tairi la nyuma likamate. Ya mbele haizimiki, na ni heri. Kumbuka ukizima swichi ya ufunguo, ABS ya nyuma inarudi yenyewe, kwa hiyo ukipumzika njiani itabidi uizime upya.

Udongo mweusi wa upande wa Mkwaja na Saadani ni habari nyingine. Madigadi ya mbele iko karibu mno na tairi, udongo unajibana hapo katikati mpaka tairi linagoma kuzunguka. Beba kijiti kigumu cha kuuchokoa, na mvua kubwa ya masika ikishanyesha, usiende kabisa. Kilo 232 zikizama huzitoi peke yako.

Sasa tyubu. Rimu zake ni za spoki na zinatumia tyubu, kwa hiyo mwiba wa mgunga ukiingia, huchomeki kiraka cha nje kama wenye matairi yasiyo na tyubu. Lazima gurudumu lishuke. Pikipiki haiji na stendi ya kati, na hilo ndilo jambo la kwanza la kununua. Kitabu kinataka upepo wa psi 29 mbele na 36 nyuma. Kwenye mchanga nashusha hadi kama 22, chini ya hapo sithubutu, maana tairi huanza kuteleza juu ya rimu, linaburuta tyubu, na shina la valvu linakatika. Ndiyo maana ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Ukiona valvu imelala upande, ujue tyubu imeshaanza kuhama. Safari ndefu beba tyubu moja tu ya inchi 21: ikibidi, inaingia hata kwenye tairi la nyuma la inchi 18 ikufikishe kwa fundi. Tyubu ya nyuma haifanyi kazi mbele.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Spoki za matoleo ya 2016 na 2017 zinashika kutu upesi. Honda walileta za chuma kisichoshika kutu toleo la 2018. Ukitoka Pangani au popote penye upepo wa bahari, mwagia maji baridi siku hiyo hiyo, kwa ndoo au mpira wa kawaida. Mashine ya presha ya waosha magari iwe mbali na beringi za magurudumu, cheni na swichi.

Swichi ya mkono wa kulia ndiyo udhaifu unaojulikana wa pikipiki hii. Dalili yake: unawasha ufunguo, taa zote ziko sawa, unabonyeza stata, kimya. Wengi wanakimbilia kubadili betri. Kabla ya kutoa hela, fungua kasha la swichi (ni skrubu tu), utakuta pale vipande vya shaba vinapogusana pameota ukungu wa kijani. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme (contact cleaner) na mswaki laini, kausha, kisha paka grisi ya umeme kwa uchache sana, funga. Mimi sisubiri dalili: hufanya hivyo kila masika yanapokaribia, pamoja na soketi za waya zilizo wazi.

Oili ni 10W-30 yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili za pikipiki), lita 4.1 ukibadilisha na filta. Usikubali kuuziwa oili ya gari eti ni ileile: klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili, na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya iteleze. Filta ya oili ni saizi ya HF204. Filta za hewa ziko mbili, kulia na kushoto, na ni za karatasi iliyolowekwa mafuta. Fundi akitaka kuzipuliza kwa kompresa mkatalie, anazimaliza. Kitabu kinatoa muda mrefu, lakini anayepita kila siku kwenye vumbi la Pongwe azikague kila anapobadili oili. Ruhusa ya valvu za injini (ule mwanya mdogo unaoachwa ili zifunge vizuri) hukaguliwa kila kilomita 24,000 injini ikiwa baridi: milimita 0.17 kwa za kuingiza hewa, milimita 0.27 kwa za kutoa moshi.

Cheni ni saizi 525, sproketi za meno 16 mbele na 42 nyuma, ulegevu wa milimita 35 hadi 45. Isafishe kwa mafuta ya taa, si petroli, kwani petroli inaharibu vipira vya ndani. Baada ya hapo gia oili 90 inatosha.

Spea ndiyo inayokatisha tamaa. Duka moja la Dar liliniweka wiki nyingi nikisubiri pedi za breki, kwa hiyo sasa naagiza kabla ya kuhitaji. Tairi la mbele la 90/90-21 linapatikana. La nyuma, 150/70 la inchi 18, usisubiri liishe.

Anayenunua iliyotumika, hasa kutoka kwa mtu wa pwani: gonga spoki moja moja kwa spana usikilize, iliyolegea inatoa sauti iliyofifia. Bonyeza stata mara kumi, si mara moja. Shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise, likicheza beringi zimekwisha. Kisha chungulia rejeta zote mbili (zinazopoza maji ya injini) nyuma ya plastiki za ubavuni. Zikiwa zimeziba kwa udongo mkavu, muulize muuzaji feni yake huwaka mara ngapi mjini.