Maktaba za Kihispania mtandaoni: wapi usome bure, wapi utoe hela

Nianze na kosa langu. Nilipoanza kujifunza Kihispania nililipia programu moja ya simu kila mwezi kwa sababu iliniahidi vitabu tele. Mwezi wa tatu ndipo nilipogundua kuwa karibu vyote nilivyovisoma humo ni vya waandishi waliokufa zamani, na kwingine vinasomwa bure, tena vikiwa vimehaririwa vizuri zaidi. Kwa hiyo nimezipanga maktaba hizi kwa kuangalia hela yako, hata kama ni ya bando tu, itakufikisha wapi.

Namba moja ni Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Alicante mwaka 1999. Hulipi, hujisajili. Nimeipa nafasi hii kwa sababu ni nyepesi: kazi nyingi zimechapwa upya kama maandishi ya kawaida, zinafunguka hata mtandao ukisuasua. Nyingine ni picha za kurasa za kale, na hizo hula bando, kwa hiyo tazama kabla hujabofya.

Namba mbili, Centro Virtual Cervantes, watu huichanganya na ya kwanza. Hii ni ya Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya kueneza lugha ya Kihispania. Mimi huiendea kwa jambo moja: Don Quijote, riwaya ya Miguel de Cervantes, yenye maelezo ya Francisco Rico na wenzake. Aya ya kwanza tu inasema kwamba Jumamosi mhusika mkuu hula "duelos y quebrantos". Ukifasiri neno kwa neno, mtu anakula majonzi na mivunjiko! Kumbe ni mayai ya kukaanga pamoja na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Bila maelezo ya chini ungepita hapo ukidhani ni ushairi.

Tatu ni kamusi ya Real Academia Española, chombo cha lugha ya Kihispania, nayo bure. Kwa mwanafunzi ina faida mbili. Kitenzi kinakuja na jedwali lake la mnyambuliko, na neno linatajwa ni la nchi gani. Tafuta "guagua": Kuba ni basi, Chile ni mtoto mchanga. Hapo kamusi ndogo za simu huchemsha.

Nne, Biblioteca Digital Hispánica ya Maktaba ya Taifa ya Uhispania. Humo kuna hata muswada wa Cantar de Mio Cid, utenzi wa kale wa Kihispania. Ni hazina kwa mtafiti, ila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hataweza kuusoma mwandiko ule. Fungua kwenye Wi-Fi.

LibriVox, ya vitabu vya kusikiliza bure, naiweka ya tano. Wasomaji ni wa kujitolea, kwa hiyo ubora hupanda na kushuka. Lakini irabu za Kihispania ni tano kama zetu, na sikio la Mswahili huzoea upesi. Kitakachokusumbua ni "h" isiyotamkwa na "j" inayosikika kama "kh".

eBiblio, ya kuazima vitabu vya kielektroniki, utaisikia ikisifiwa sana. Iruke, ni ya wenye kadi za maktaba za huko Uhispania.

Sasa hela itoke wapi? Kwenye waandishi wa karibuni. Kwa sheria ya Uhispania, kazi za mwandishi aliyekufa kabla ya Desemba 7, 1987 hulindwa miaka 80 baada ya kifo chake. Ndiyo maana kazi za mshairi Federico García Lorca, aliyeuawa 1936, zimekuwa huru kusomwa bure tangu 2017. Mwandishi wa riwaya Gabriel García Márquez amekufa 2014, vitabu vya huyo nunua. Nunua kitabu kimojakimoja cha kielektroniki, usifunge mkataba wa kila mwezi, na upakue sampuli kwanza. Ukurasa wa kwanza ukikufungulisha kamusi mara ishirini, usilipe bado. Rudi kwa Lorca.