Bakuli la Pyrex la zamani: kagua mng'ao kabla ya kuuliza bei

Wasomaji mlioko Marekani mnaniletea lalamiko lilelile. Bakuli la Pyrex, kioo cha kupikia kwenye oveni, la miaka ya 1950 limenunuliwa mtandaoni, pichani linang'aa, likifika nyumbani limepauka kama goti lisilopakwa mafuta. Muuzaji akiulizwa anajitetea: halina ufa, halijameguka. Kweli, halina. Limeharibiwa na mashine ya kuoshea vyombo, na kasoro hiyo miongozo mingi huipitia kwa mstari mmoja tu.

Sabuni ya mashine ni kali na maji yake ni ya moto sana. Bakuli likioshwa humo mara nyingi, uso laini wa rangi unalika na kubaki kama chokaa. Mng'ao huo haurudi. Kuna wauzaji wanaolipaka mafuta kidogo kabla ya kulipiga picha, likang'aa kwa siku moja, na mimi huo nauita wizi. Kwa hiyo dai picha mpya: bakuli limeoshwa kwa sabuni, limekaushwa, limewekwa karibu na dirisha. Kwenye bakuli ambalo halijaharibika utaona umbo la dirisha limejichora ubavuni. Lililoharibika litakuonyesha ukungu tu. Ukiwa kwenye duka la mitumba, pitisha kidole. Kikikwaruza au kikitoka na unga wa rangi, liache hata kwa dola 3. Rangi za nje za vyombo vingi vya enzi hizo zina madini ya risasi, na unga huo hautakiwi karibu na chakula cha watoto.

Nikipanga vyombo vya oveni vya zamani, kwangu namba moja ni Pyrex ya kampuni ya Corning, New York, na upendeleo wangu siufichi. Kioo cheupe kama kile, chenye rangi nzito kwa nje, sijaona mwingine aliyekiweza. Geuza kitako usome namba. 043 ni lile la umbo la yai, karibu lita 1.4, 045 ni kaka yake, karibu lita 2.4. Mifuniko yake ni 943-C na 945-C. Ukikuta namba nyingine, mfuniko umetolewa kwenye bakuli jingine, dai upunguziwe. Kwa upande wa michoro, Butterprint (ile ya mkulima, mkewe na majogoo) na Gooseberry ya waridi zilitoka 1957 na bado zinapatikana, hivyo usitishwe na anayekwambia ni adimu. Adimu kweli ni Lucky in Love ya 1959, yenye mioyo: moja imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 4,000. Mlioko Uingereza tafuteni herufi JAJ, alama ya James A. Jobling wa Sunderland.

Ya pili ni CorningWare, vyombo vya kauri ya kioo vya kampuni hiyohiyo, iliyoanza kuuzwa 1958. Kwa kupikia hasa ni hodari, maana hutoka kwenye friza ikaingia oveni bila kupasuka. Fire-King, vyombo vya kioo vya kampuni ya Anchor Hocking, ni ya tatu. Vyombo vya kioo kitupu visivyo na rangi ni vya bei rahisi, nunua cha kupikia tu.

Ila kuhusu CorningWare nina kinyongo. Ile ya maua ya buluu, Blue Cornflower, ilitengenezwa kwa miaka 30 na kuuzwa kwa mamilioni, na karibu kila duka la mitumba Marekani linayo. Halafu mtu anaiweka mtandaoni kwa dola 9,000, wengine wanamwiga, na bibi wa watu anaamini kabati lake lina mali! Bei inayoombwa si bei iliyolipwa. Kwenye soko la mtandaoni la eBay chuja matangazo ubakishe vilivyokwisha kuuzwa, utaona bakuli la kawaida la Cornflower, na mfuniko wake, likienda kwa dola 15 hadi 40. Muuzaji akigoma kushuka hapo, ingia duka la mitumba la mtaani kwako uendelee kutafuta.