Nimepiga Mauser ya 1871: jiandae kwa moshi

Kama uko Ujerumani na habari za askari wa Afrika Mashariki zinakugusa, tafuta klabu ya kulenga shabaha inayopokea wageni kwa bunduki za baruti nyeusi. Mimi nilikwenda moja ndogo ya kusini, si mbali na Oberndorf, mji wa ndugu wawili Wilhelm na Paul Mauser. Nilitaka bunduki moja tu: Mauser ya 1871, milimita 11. Vita vilipoanza Agosti 1914, kampuni nyingi za askari wa Mjerumani kule kwetu zilikuwa bado na bunduki za aina hii, ilhali Ujerumani kwenyewe jeshi lilishaziacha zamani.

Ni nzito, na inakula risasi moja moja. Ukishafyatua, unavuta komeo, lakini ganda halirukii nje. Inabidi uilaze bunduki ubavu ndipo lidondoke. Fanya hivyo ukiwa umelala kifudifudi huku unajiharakisha, halafu uniambie. Teke lake si baya. Gramu 5 za baruti zinasukuma risasi laini ya gramu 25, na bega linarudishwa nyuma taratibu bila kuchapwa.

Moshi sasa! Mweupe, mzito, unanuka yai viza kwa sababu ya ile salfa. Siku hiyo upepo ulikuwa umetulia, basi wingu likaning'inia mbele ya mtutu na shabaha siioni tena. Hapo ni bunduki moja. Hebu fikiria kampuni nzima ikifyatua porini: askari haoni mbele, na adui mwenye baruti isiyo na moshi anajua kabisa pa kulenga. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa zisizo na moshi, bombomu (bunduki za rasharasha) 16 na risasi 600,000. Nilikuwa nasoma hesabu hizo kama orodha ya ngawira tu. Sasa najua askari aliyekabidhiwa moja ya zile bunduki alipewa nini hasa.

Bei si ya mnyonge, maana risasi hujazwa kwa mkono na unalipia kila moja. Halafu hawakuachi uondoke hivi hivi: unasafisha. Maji ya moto na sabuni, vitambaa hadi vitoke vyeupe, kisha mafuta, kwani masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na mtutu ukashika kutu. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kupiga kwenyewe. Mimi niliifurahia, ila si kila mtu ana subira hiyo.

Lalamiko langu ni historia. Mwalimu wa klabu anaijua bunduki hadi skrubu ya mwisho, lakini askari wetu hakuwataja mpaka nilipouliza mwenyewe, na jibu lilikuwa fupi.

Nyota nne. Weka miadi mapema, nenda na kitambulisho, na uvae nguo usiyoionea huruma, harufu ile haitoki kwa kufua mara moja.