Filta ya oili ya Toyota: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kuuliza bei, ijue injini. Wengi hufika dukani wakasema "nipe filta ya Premio", na makosa huanzia hapo. Premio yenye chesisi ya NZT260 ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, na filta yake ni kopo zima linalofungwa kwa kuzungushwa. Premio ya umbo hilohilo ikiwa ZRT260 ina injini ya 2ZR ya cc 1,800. Yake ni karatasi tupu inayokaa ndani ya kikombe chini ya injini. Kwa macho magari haya ni pacha. Soma kibati kilicho chini ya boneti au mpe muuzaji namba ya chesisi. Kopo la 1NZ linajulikana kwa namba 90915-YZZE1, karatasi ya 2ZR ni 04152-YZZA6.

Kwa ubora, filta tumezipanga madaraja matatu. Namba moja ni orijino ya Toyota, ila iliyotoka kwa wakala. Unacholipia hasa ni valvu mbili zilizo ndani. Ya mpira huzuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) gari likizimwa. Ya springi hufunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili, hata kama itapata chafu. Kwenye filta duni, mpira hukakamaa mapema. Asubuhi unawasha gari, taa nyekundu inachelewa kuzima na injini inagonga kwa sekunde kadhaa. Ukirudia hivyo kila siku, unakula maisha ya injini.

Namba mbili ni Denso, VIC, Sakura, Mann au Bosch, kutoka duka unalolifahamu. Kwa wengi wetu hii ndiyo ya kununua. Anayetengeneza feki huanza na boksi la Toyota kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi, kwa hiyo Sakura ya duka la kuaminika Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) ni bora kuliko "orijino" ya muuzaji usiyemjua. (Na maandishi ya Thailand kwenye boksi si dalili ya ufeki, Toyota ina filta zinazotengenezwa huko.)

Namba tatu ni makopo yasiyo na jina. Yaache. Tofauti ya bei haifiki hata gharama ya lita moja ya oili nzuri.

Kama ni kopo, ukiwa bado kaunta toa nailoni. Chungulia vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la kati na ubonyeze mpira ulio ndani kwa kijiti safi: unatakiwa uwe laini na urudi wenyewe. Mpira wa nje ukae sawasawa kwenye mfereji wake. Nyuzi za tundu la kati (mistari ya kukazia) zisiwe na unga wa chuma.

Usikubali kauli ya "hii inaingia". Tundu la kopo la Toyota lina upana wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na nyuzi 16 kwa kila inchi. Honda na Nissan nyingi hutumia milimita 20. Kopo la milimita 20 litaingia kwenye Toyota na hata litaonekana limekaza, lakini limeshika ncha za nyuzi tu. Presha ikipanda linaweza kuchomoka, na oili yote ikabaki barabarani.

Wakati wa kufunga, mwaga oili injini ikiwa ya uvuguvugu. Boliti ya sampu ni spana namba 14, na washa yake (pete ya kuzuia kuvuja) iwe mpya. Ukishatoa kopo la zamani, litazame mdomoni: mpira wake upo? Kama haupo, umebaki umenata kwenye injini. Ukifunga juu yake, mipira miwili haitabana na oili itaruka mara tu ukiwasha. Paka mpira mpya oili, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia. Ukikaza nayo, mpira hujikunja.

Kwa 2ZR, boksi zuri huja na o-ringi (pete za mpira). Zitumie zote, na ile kubwa irudi kwenye mfereji ilikotoka ile ya zamani, si juu kidogo wala chini kidogo. Kikombe kikazwe kwa 25 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Vingi ni vya plastiki, na fundi mwenye mkono mzito huvipasua.

1NZ hula lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu la lita 4 usilimimine lote. 2ZR hula 4.2, na hapo dumu hilo halitoshi. Nunua lita ya ziada siku hiyohiyo. Washa gari, taa ya oili ikizima chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri dakika 5, kisha pima kwa kijiti cha oili cha injini: filta mpya imeshajaa, na oili itakuwa imeshuka kidogo kuliko ulivyoiacha.