Kamera ya kuanzia kazi za harusi: ipi uchukue kwanza, ipi uiache dukani

Wakuu, msimu wa harusi ukikaribia maswali ni yaleyale, nina hela kidogo nataka kuingia kwenye picha mnato ninunue kamera gani, na majibu ya mtaani nayo ni yaleyale, chukua mpya ya boksi usije ukapigwa. Mimi jibu hilo nalipinga. Kazi zetu zinafanyika ukumbini kwenye giza, taa za DJ nyekundu na zambarau, bibi harusi ana ngozi nyeusi ndani ya shela jeupe, na familia inataka kuona picha kesho yake asubuhi. Kwa mazingira hayo kamera iliyotumika ya daraja la juu inaiacha mbali kamera mpya ya daraja la chini, na kabla hata hujafika kwenye kamera yenyewe hela yako inatakiwa iende kwenye lenzi na flashi. Kama una milioni mbili na ukaziweka zote kwenye bodi, yaani kamera tupu, unaingia ukumbini na lenzi ya kit ya 18-55, ile inayokuja na kamera, ambayo ukizuum inafika f/5.6 (namba ya f ikipanda mwanga unaoingia unapungua) na hapo hakuna picha. Kwenye bodi usivuke nusu ya hela yako.

Kitu cha kwanza nachoangalia kwenye kamera ya harusi ni sloti mbili za memori kadi. Watu wanaulizia megapikseli, lakini 20 zinatosha kabisa hata kwa albamu kubwa na picha ya ukutani. Kadi ikifa umebaki na nini? Kiapo hakirudiwi, mama wa bwana harusi hawezi kuambiwa alie tena ili upige upya. Kamera yenye sloti mbili ukiiseti inaandika picha ileile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikigoma nyingine ipo. Cha pili ni sensa ya fulu fremu, yaani sensa kubwa, maana ukipandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) mpaka 3200 au 6400 bado uso unabaki safi, na ukumbini utapandisha tu utake usitake.

Sasa mpangilio wangu, kwa anayepiga harusi na send-off za kulipwa, zote hizi ni za mtumba.

Namba moja ni Sony A7 III. Ilitoka 2018, megapikseli 24, sloti mbili, video ya 4K, na ile fokasi ya jicho ambayo bibi harusi akitembea kuja kwako inamng'ang'ania jicho hadi anafika. Naiweka juu kwa sababu wateja wa sasa hivi wanataka picha na klipu za Instagram kwa bei moja, na hii inafanya vyote bila kulia. Betri yake, ile ya NP-FZ100, inadumu kuliko za Sony za nyuma, harusi nzima ni betri mbili au tatu hivi. Lenzi za kampuni nyingine zipo za kutosha, Tamron 28-75 f/2.8 peke yake inakufanyia asilimia kubwa ya kazi. Angalizo ni moja, kanisani watu wanapenda kuweka shata ya kimya, kupiga bila mlio, ukifanya hivyo chini ya taa za LED unaweza kukuta mistari imekatiza picha, kwa hiyo jaribu picha mbili tatu kabla ibada haijaanza. Na bei yake ndo inayowazuia wengi, kama haifiki usikope, shuka namba mbili.

Namba mbili, Canon 5D Mark III ya 2012. Najua kuna watu watashangaa, kamera ya 2012 leo? Ndiyo. Bodi ngumu, fokasi ina pointi 61, rangi za ngozi zinatoka vizuri bila kuhangaika sana kwenye kuediti, halafu kubwa kuliko yote ni kwamba wapiga picha wengi hapa mjini wana Canon. Hiyo ina maana lenzi utaazima, utakodi, betri ya LP-E6 ukiishiwa ukumbini mwenzako wa video anayo kwa sababu ileile inaingia kwenye 6D, 7D, 70D na 80D. Hili ukiwa mwanzoni lina thamani kuliko namba zozote za kwenye boksi. Ubaya wake: video inaishia 1080p, skrini haigeuki, na sloti zake moja ni ya kadi kubwa za zamani za CF, moja ni ya kadi ndogo za kawaida za SD. Kadi za CF siku hizi ni ghali na za kutafuta, na ile sloti ya SD ni ya polepole, ukiandika kote kuwili kamera inachelewa kidogo ukipiga mfululizo. Vumilia, andika kote kuwili.

Namba tatu Nikon D750 ya 2014, na nikuambie ukweli, kwa ubora wa picha tupu hii inaizidi 5D Mark III. Megapikseli 24, sloti mbili zote SD, nyepesi, skrini inainuka, na faili lake la RAW (picha ghafi kabla kamera haijaibana) ukikuta uso umepigwa giza unaweza kuuvuta mwanga bila kutoa chembechembe mbaya. Nimeishusha namba tatu kwa sababu ya lenzi za kuazima tu, kama rafiki zako au bosi unayemfuata ni watu wa Nikon basi kwako hii ni namba moja, usinisikilize mimi. Kabla ya kulipa chukua siriali namba ukaiangalie kwenye tovuti ya Nikon, kuna D750 ambazo kampuni yenyewe ilitangaza kuzibadilishia shata bure. Usije ukachanganya na D600, ile ilikuwa na tatizo la sensa kujaa madoa mpaka Nikon wakaleta D610 mwaka 2013, ukiona D600 ya bei chee mno ujue ndo sababu.

Namba nne Canon 6D, 2012 pia, ndo fulu fremu ya bei nafuu kwenye orodha hii. Pointi za fokasi 11 tu lakini ile ya katikati inashika gizani vizuri ajabu. Sloti moja. Ichukue kama kamera ya pili, au kama unaanza na birthday na kitchen party, ila ukishaanza kulipwa hela ya harusi ya mtu iuze upande daraja.

Namba tano ni za sensa ndogo, Canon 80D kama una video nyingi, Nikon D7200 kama ni picha zaidi, na hiyo Nikon ina sloti mbili.

Za kuacha dukani. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo watu wanapoumia. Canon 4000D na 250D mpya za boksi, na 2000D nyingi pia, ukiangalia pale juu panapochomekwa flashi utaona ile pini ya duara ya katikati haipo. Canon waliitoa. Maana yake flashi za bei nafuu zenye pini moja, kina Yongnuo YN560 na Godox TT600, ambazo ndo kila anayeanza ananunua, hazitawaka kwenye hizo kamera. Unanunua kamera Kariakoo asubuhi, flashi mchana, jioni unadhani flashi mbovu unarudi kugombana na muuzaji bure. Canon R50 nayo ni nzuri kwa video za nyumbani na matangazo madogo, ila sehemu yake ya flashi ni ya aina mpya, flashi za kawaida zinahitaji adapta inayouzwa peke yake. Kwa hiyo kamera yoyote unayoshikishwa, geuza, tazama pale juu kwa macho yako kabla hujaulizia bei.

Kwa wale wa picha za familia na safari tu, hamna haja ya haya yote, simu yako nzuri inatosha, na ukitaka kujifunza chukua Canon 700D ya mtumba na lenzi ya 50mm, basi.

Lenzi. Ya kwanza 50mm f/1.8, kila kampuni inayo na ni kati ya lenzi za bei ndogo, ukiwa Canon tafuta ile ya STM ya 2015 ambayo mdomo wake, pale inapochomekwa kwenye kamera, ni wa chuma, ile ya zamani mdomo ni plastiki na inachakaa. Ya pili ni 85mm f/1.8 kwa ajili ya sura za maharusi. Ya tatu ndo zuum ya 24-70 f/2.8, ya Tamron inatosha huna haja ya kuanza na ya Canon yenye mstari mwekundu, zile za bei juu. Hapo umemaliza.

Kukagua lenzi ya mtumba kwa watu wa pwani ni lazima, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unyevu wa kwetu unaotesha fangasi ndani ya vioo. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, imulike kutokea nyuma huku unachungulia mbele ukiizungusha taratibu. Vumbi kidogo si tatizo. Ukiona vinyuzi vyeupe vimetandaa kama utando wa buibui rudisha, hata akupunguzie nusu bei, fangasi hiyo ukiiweka begi moja na lenzi zako nzima unaziweka hatarini. Angalia na skrubu za chini ya bodi, zikiwa na kutu hiyo kamera imeishi karibu na chumvi. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Funguo zote bonyeza, sloti zote mbili weka kadi, na kama ni 5D chungulia kwenye sloti ya CF kama pini ndani zimenyooka. Shata kaunti, yaani idadi ya picha kamera ilizokwishapiga, usiridhike na kuambiwa, Nikon namba inakaa ndani ya faili la picha, piga moja uitoe kwenye kompyuta usome, Canon nyingi zinahitaji waya na programu maalumu, nenda na laptop. 5D Mark III na D750 zimepimwa shata 150,000, 6D 100,000. Ukikuta imefika 140,000 si kwamba kesho inakufa, ila bei iwe inajieleza.

Na winga, yaani dalali wa mtaani, akikuambia mzigo umetoka Dubai jana, mwambie sawa, akupeleke kwenye duka lenye mwenyewe na risiti. Winga kesho humpati, duka litakuwepo. Kwa Nairobi ukizunguka mtaa wa Luthuli tahadhari ni ileile.

Flashi ndo kitu kinachotenganisha picha ya kulipwa na picha ya mgeni mwalikwa. Mbili za Godox, triga moja ya X (ile inayokaa juu ya kamera na kuwasha flashi kwa mbali), stendi mbili. Kurusha flashi juu darini tunafundishwa kote, lakini kumbi zetu dari limefunikwa vitambaa vya mapambo, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa au haurudi kabisa, kwa hiyo weka flashi moja kwenye stendi pembeni ya jukwaa na nyingine upande wa pili kwa nyuma. Kama una hela ya flashi moja tu chukua V860, ina betri ya lithiamu inayochajiwa, haikukwamishi kutafuta betri ndogo usiku. Na kumbuka shela: kamera ikiona jeupe jingi inapunguza mwanga, uso unazama, pima mwanga kwenye uso na upige RAW.

Memori kadi feki zimejaa. Imeandikwa GB 64 ndani inashika GB 8, picha za mwanzo zinaonekana za mwisho hazifunguki. Kadi mpya yoyote ipitishe kwenye H2testw, ni programu ya bure ya Windows, inaijaza kadi yote na kuisoma tena. Fanya nyumbani kabla ya harusi.

Upande wa kuediti mpangilio wangu ni mfupi. Ukiwa na kazi zinazolipa kila mwezi, Lightroom Classic na Photoshop, unalipia na unaingiza kwenye bei ya mteja, kwa sababu picha elfu mbili unazichambua na kuziediti sehemu moja. Kama kazi bado za kubahatisha tumia darktable, bure kabisa, haihitaji bando, inafungua RAW na inafanya kazi kubwa ukiizoea, kuizoea ndo kunachukua muda. Kurekebisha ngozi na kutoa vitu GIMP ipo, na Affinity nayo tangu 2025 imekuwa bure. Video ni DaVinci Resolve ya bure ila inataka kompyuta yenye kadi ya grafiki. Kwenye simu Snapseed na Lightroom ya simu zinatosha kumrushia mteja picha tatu za haraka usiku huohuo. Zile za kukraki achana nazo jamani, ndani zinakuja na virusi vinavyofunga mafaili yote na kudai pesa, na mafaili hayo ni harusi za watu. Preseti za kununua, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, pia kuwa makini, nyingi zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, kwetu zinatoa rangi ya chungwa au kijivu, tengeneza yako kutokana na picha zako mwenyewe. Kompyuta RAM ya GB 16 na SSD, laptop za mtumba za ofisini zinafanya kazi.

Lenzi ya 70-200, ile ndefu ya kupiga kwa mbali, usinunue mwaka wa kwanza, kodi siku ya kazi kubwa. Hela hiyo nunua hard disk mbili za nje, kila harusi ikae kwenye zote mbili na kila moja ilale nyumba tofauti, na kadi usizifute mpaka mteja awe ameshapokea picha na kukujibu kwamba zimefunguka.